Kipimakasi Kinapodanganya Wakati wa Ndege Kuruka: Historia ya Hitilafu na Funzo Lake kwa Kiwanja cha Ndege cha Juba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya hitilafu za vipimakasi katika ndege kubwa za abiria wakati wa kuruka, hasa kuanzia ajali ya Puerto Plata ya mwaka 1996 hadi ajali ya ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyokuwa ikienda Nairobi mwaka 2019. Inadaiwa kwamba hitilafu hizi hujitokeza katika nyakati tatu tofauti: ndege ikiwa bado inakimbia ardhini, mara tu inapoachana na ardhi, au sekunde chache baadaye. Ukaguzi wa kasi unaofanywa kwenye njia ya kurukia hunasa aina ya kwanza tu. Aina ya pili huzuiwa na fundi kabla ya safari. Ya tatu humtegemea rubani aliyezoezwa. Kwa msingi huo, makala yanapendekeza kwamba watunga sera wa Juba na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waelekeze jitihada zaidi kwa wahudumu wa ardhini, pamoja na lugha wanayofundishiwa, bila kupunguza mafunzo ya marubani.

Maneno ya msingi: kipimakasi, usalama wa anga, Juba, uchunguzi wa ajali, lugha kazini

1. Utangulizi

Juba imekuwa kituo cha ndege kwa karibu karne moja. Katika miaka ya 1930 mji huo ulikuwa miongoni mwa vituo vya njia ya anga ya shirika la Kiingereza la Imperial Airways, iliyofuata bonde la Mto Nile kutoka Cairo na kuendelea kusini hadi Cape Town. Tangu Sudan Kusini ipate uhuru tarehe 9 Julai 2011, kiwanja hicho kimekuwa lango kuu la nchi. Barabara nyingi hazipitiki wakati wa masika; kwa hiyo maofisa, wafanyabiashara, wagonjwa, dawa na chakula cha msaada husafirishwa kwa ndege. Safari za kawaida huiunganisha Juba na Nairobi, Entebbe na Addis Ababa.

Utegemezi huu umeambatana na misiba. Tarehe 4 Novemba 2015 ndege ya mizigo aina ya Antonov An-12, iliyosajiliwa Tajikistan na iliyokuwa imebeba pia abiria, ilianguka kando ya Nile muda mfupi baada ya kuruka kutoka Juba. Takriban watu 40 walikufa. Tarehe 9 Septemba 2018 ndege ndogo aina ya Let L-410 iliyotoka Juba ilianguka ziwani Yirol. Tarehe 22 Agosti 2020 Antonov An-26 ilianguka punde tu baada ya kuruka kutoka Juba. Ajali hizi hazitajwi hapa kama mifano ya hitilafu ya kipimakasi. Zinatajwa kwa sababu mbili kati yake zilitokea katika dakika za mwanzo za safari, ambazo ndizo dakika zinazojadiliwa katika makala haya, na kwa sababu zinaonyesha jinsi ilivyo muhimu kwa nchi changa kujifunza kutokana na ajali za wengine kabla haijalazimika kujifunza kutokana na zake.

2. Kifaa na udhaifu wake

Mwaka 1732 mhandisi Mfaransa Henri Pitot alieleza mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris namna ya kupima mwendo wa maji ya Mto Seine kwa mrija uliopinda, mdomo wake ukielekezwa kwenye mkondo. Kadiri maji yalivyokwenda kasi ndivyo yalivyopanda juu zaidi ndani ya mrija. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotumika katika ndege hadi leo. Mrija wa Pitot hupokea kanieneo ya hewa inayougonga kwa mbele; matundu madogo ubavuni mwa ndege hupokea kanieneo ya hewa tulivu inayoizunguka. Tofauti ya kanieneo hizo mbili ndiyo inayosomwa kama kasi. Matundu hayohayo ya ubavuni hutumika kupima urefu wa ndege kutoka usawa wa bahari.

Kutokana na mpangilio huu, kila aina ya kuziba ina dalili zake. Mrija wa Pitot ukizibwa kabla ya kuruka, mshale wa kasi haupandi ipasavyo ndege inapokimbia ardhini. Lakini ikiwa hewa imenaswa ndani ya mrija, ndege inapopaa kanieneo ya nje hupungua huku ile ya ndani ikibaki palepale. Tofauti huongezeka, na kifaa huonyesha kasi inayopanda hata kama ndege inapunguza mwendo. Yakizibwa matundu ya ubavuni, hali huwa kinyume: ardhini kila kitu huonekana sawa, lakini ndege inapopaa kipimo cha urefu hukwama na kasi husomeka chini kuliko ilivyo.

Wahandisi walifahamu haya tangu zamani. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege aina ya Boeing 727 ya shirika la Northwest ilianguka karibu na Stony Point, jimbo la New York, baada ya mirija yake kuzibwa na barafu kwa kuwa vipashajoto vyake havikuwashwa. Marubani waliona kasi ikipanda kupita kiasi, wakainua pua ya ndege ili kuipunguza, hadi mabawa yakakosa mnyanyuo. Wote watatu waliokuwamo walikufa. Kwa hiyo, miaka 22 kabla ya msiba wa Puerto Plata, maelezo ya jinsi kifaa hiki kinavyoweza kumhadaa rubani yalikuwa tayari yameandikwa. Swali la kihistoria linalobaki ni kwa nini maarifa hayo hayakuwafikia kwa wakati watu waliohitaji kuyatumia.

3. Puerto Plata, 1996: dalili iliyoonekana ardhini

Usiku wa tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya shirika la Kituruki la Birgenair iliruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika. Ndege hiyo ilikuwa imeegeshwa kwa siku 20 hivi. Ilipokuwa ikikimbia kwenye njia ya kurukia, nahodha alitambua kuwa kipimakasi chake hakifanyi kazi. Cha msaidizi wake kilikuwa kizima. Nahodha aliendelea kuruka.

Ndege ilipopanda, kipimakasi cha nahodha kilianza kusoma, na usomaji wake ukazidi kupanda. Rubani otomatiki, ambaye alikuwa akipokea taarifa kutoka upande huohuo, aliinua pua na kupunguza nguvu za injini ili kupambana na kasi isiyokuwapo. Tahadhari ya mwendo kupita kiasi ililia. Muda si mrefu usukani ukaanza kutetemeka kuashiria kuwa mwendo umepungua mno. Tahadhari mbili zinazopingana zilisikika katika chumba kimoja. Ndege ilipoteza mnyanyuo na kutumbukia katika bahari ya Atlantiki dakika chache tu baada ya kuruka. Watu wote 189 walikufa. Mirija yenyewe haikupatikana, lakini wachunguzi waliona kuwa chanzo kinachoelekea zaidi kuwa kweli ni tope au takataka za mdudu mdogo katika mrija ambao haukufunikwa.

Kisa hiki ndicho kinachofanya ukaguzi wa kasi ardhini uonekane wa thamani. Utaratibu wa ndege nyingi ni kwamba, mwendo unapofika maili 80 za baharini kwa saa (yapata kilomita 148), au 100 (kilomita 185) kwa baadhi ya ndege, rubani asiyeshika usukani hutamka kasi hiyo kwa sauti, na mwenzake hulinganisha na kipimakasi chake. Kabla ya kiwango hicho, safari inaweza kukatishwa kwa hitilafu ndogo. Baada yake, hadi kufikia kasi ya uamuzi, inakatishwa kwa sababu nzito tu, kama vile moto, injini kufa, au ndege kuonekana haiwezi kuruka salama. Kwa maana kufunga breki katika mwendo mkubwa nako kuna hatari zake. Kupita kasi ya uamuzi, ndege lazima iruke.

Ukaguzi huo, basi, hufanyika mwishoni kabisa mwa muda ambao kusimama bado ni rahisi. Rubani ana sekunde chache za kusikia, kulinganisha na kuamua. Katika Puerto Plata tofauti ilionekana, ila haikugeuzwa kuwa uamuzi.

4. Lima, 1996: dalili isiyoonekana ardhini

Miezi minane baadaye, tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 nyingine, ya Aeroperú, iliruka usiku kutoka Lima. Ilikuwa imesafishwa, na matundu ya ubavuni yalikuwa yamebandikwa utepe ili maji yasiingie. Utepe huo haukubanduliwa. Ukaguzi wa fundi na wa rubani haukuugundua.

Mbio za ardhini hazikutoa onyo la kutosha, kwa sababu kanieneo iliyonaswa katika matundu ilikuwa sawa na ya kiwanjani. Ndege ilipoachana na ardhi, vipimo vya urefu na vya kasi vyote viliharibika kwa pamoja, upande wa nahodha na wa msaidizi. Usiku, juu ya bahari, marubani hawakuwa na cha kulinganisha. Waliomba mnara wa Lima uwatajie urefu wao. Lakini urefu ambao mwongozaji aliuona kwenye skrini ulikuwa umetumwa na ndege yenyewe, kutoka kwenye mfumo uleule ulioharibika. Baada ya nusu saa ya kuhangaika, ndege iligonga bahari na watu wote 70 wakafa.

Tofauti ya kisa hiki na cha Puerto Plata ni ya msingi. Kule, utaratibu wa kukagua kasi ardhini ungeweza kuiokoa ndege, hapa usingeweza. Aliyekuwa na nafasi ya mwisho ya kuzuia ajali alikuwa mtu mwenye tambara na ngazi, saa kadhaa kabla marubani hawajakaa vitini.

5. Addis Ababa, 2019: hitilafu baada ya kuruka

Kisa cha tatu kiliigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Asubuhi ya tarehe 10 Machi 2019, ndege aina ya Boeing 737 MAX 8 ya Shirika la Ndege la Ethiopia, safari namba 302, iliruka kutoka Bole kuelekea Nairobi. Kiwanja cha Bole kipo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Ndege ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita baadaye. Watu wote 157 walikufa. Zaidi ya 30 kati yao walikuwa Wakenya, na wengi walikuwa wakienda kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mazingira jijini Nairobi.

Mjadala wa dunia ulijikita, na ilistahili, katika mfumo wa MCAS uliosukuma pua ya ndege chini mara kwa mara, kama ulivyofanya katika ajali ya Lion Air nchini Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 iliyoua watu 189. Hata hivyo, kabla MCAS haijaanza kufanya kazi, marubani walikuwa tayari wanakabiliwa na vipimakasi visivyoaminika. Sekunde chache baada ya kuruka, kihisi cha kushoto kinachopima pembe kati ya bawa na mkondo wa hewa kilitoa usomaji wa nyuzi 74.5, ilhali cha kulia kilionyesha hali ya kawaida. Kompyuta hutumia pembe hiyo kusahihisha vipimo vya kanieneo. Kwa hiyo kasi na urefu wa upande wa kushoto vilitofautiana na vya kulia, na usukani wa nahodha ukaanza kutetemeka na kuendelea hivyo karibu safari nzima. Mrija wa Pitot ulikuwa mzima. Kilichoharibika ni usahihishaji wake.

Kwa hali kama hiyo, mtengenezaji alikuwa na orodha ya hatua za kukariri: kuzima rubani otomatiki, kuzima kidhibiti otomatiki cha nguvu za injini, kisha kuweka mwinuko na nguvu zinazojulikana. Kwa ndege za aina ya 737, mabawa yakiwa bado yametandazwa kwa ajili ya kuruka, kiwango ni mwinuko wa nyuzi 10 na nguvu za asilimia 80. Yakishakunjwa, nyuzi 4 na asilimia 75. Mantiki yake ni nyepesi: ndege iliyowekwa katika mwinuko na nguvu fulani itakwenda kwa mwendo unaokadirika, kipimakasi kiseme kisemavyo. Katika safari ya 302, nguvu za injini zilibaki katika kiwango cha kuruka hadi mwisho. Mwendo ukawa mkubwa mno, na kutokana na mwendo huo gurudumu la kurekebisha mkia kwa mkono likawa zito kupita uwezo wa marubani baada ya kukata umeme wa MCAS.

Namna ya kulieleza jambo hili ilizua ubishi baina ya wachunguzi. Ripoti ya mwisho ya Ethiopia, iliyotolewa Desemba 2022, iliweka chanzo katika MCAS na kuhusisha kuharibika kwa kihisi na kasoro za umeme za tangu utengenezaji. Mamlaka ya uchunguzi ya Marekani ilipinga sehemu hiyo, ikisema ushahidi unaelekeza kwenye kugongwa na kitu, yaelekea ndege wa porini. Marekani na Ufaransa zote ziliona kwamba mchango wa utendaji wa marubani haukuchambuliwa vya kutosha. Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuchagua upande mmoja kana kwamba mwingine ni uongo. Mfumo ulisanifiwa vibaya, na mtengenezaji hakuwafahamisha marubani vya kutosha. Papo hapo, orodha ya kukariri ilikuwapo, lakini ilihitaji kukumbukwa katikati ya makelele, mtetemo na tahadhari kadhaa kwa wakati mmoja. Kuwa na orodha vitabuni si sawa na kuwa nayo mikononi.

6. Brisbane: wadudu na vifuniko

Visa vitatu vilivyotangulia vinaishia kwa vifo. Kiwanja cha Brisbane nchini Australia kinatoa historia ya aina nyingine. Tarehe 21 Novemba 2013, Airbus A330 ya Etihad ilikatisha mbio za kuruka baada ya kipimakasi cha nahodha kushindwa. Ilirudi, ikahudumiwa, ikajaribu tena. Mara hii hitilafu ilijirudia ndege ikiwa imechelewa kusimama. Marubani waliruka, wakazunguka, wakatua salama. Mrija ulikutwa karibu umezibwa wote kwa tope la nyigu. Ndege hiyo ilikuwa imekaa ardhini takriban saa mbili tu.

Watafiti wa huko hawakuishia kulaumu wadudu. Walitengeneza nakala za mirija kwa mashine za uchapaji wa pande tatu, wakazipachika sehemu mbalimbali za kiwanja, na kufuatilia ni nyigu gani wanajenga humo, katika mirija ya ukubwa gani na katika miezi gani. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalihesabu matukio 26 yaliyohusishwa na nyigu katika kiwanja hicho kati ya Novemba 2013 na Aprili 2019.

Kinga nayo ilizaa hatari yake. Kwa sababu ya nyigu, mirija ilianza kufunikwa hata katika mapumziko mafupi. Tarehe 18 Julai 2018, Airbus A330 ya Malaysia Airlines iliruka kutoka Brisbane ikiwa na vifuniko vyote mahali pake. Hakuna kipimakasi hata kimoja kilichofanya kazi, na mbio hazikukatishwa. Marubani waliiokoa ndege kwa kutumia mwinuko, nguvu za injini na msaada wa waongozaji, wakatua salama. Ilibainika kwamba wahudumu wa kampuni tofauti walikuwa na uelewa tofauti kuhusu nani aliyepaswa kuondoa vifuniko.

7. Maana yake kwa Juba

Historia hii inaleta mafunzo matatu kwa watunga sera.

La kwanza ni lugha ya kazi ardhini. Tangu mwaka 2008, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) limewataka marubani na waongozaji wa safari za kimataifa wathibitishe kiwango cha Kiingereza. Sharti hilo halimgusi mtu anayebandika utepe au kuondoa kifuniko. Katika mji ambamo Kiarabu cha Juba, Kiingereza, Kiswahili na lugha kama Kibari na Kidinka husikika kila siku, maagizo yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha kiufundi pekee yanaweza kusainiwa bila kueleweka. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Hapa pana kazi mahususi kwa wanaisimu: kuandaa, pamoja na mafundi, orodha fupi za Kiswahili na za Kiarabu cha Juba zinazotaja kila kifuniko na kila utepe kwa idadi yake, mahali pake na jina la mtu aliyeuondoa. Wakala wa Jumuiya wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao yake Entebbe, unafaa kuzioanisha ili mhudumu aliyefunzwa Entebbe au Kisumu aelewane na mwenzake wa Juba.

La pili ni kuyajua mazingira ya mahali. Utafiti wa Brisbane haukuhitaji maabara kubwa. Chuo Kikuu cha Juba kinaweza kupachika nakala za mirija kiwanjani kwa mwaka mmoja na kubaini kama wadudu, au vumbi la kiangazi, ni tishio la kweli, katika miezi ipi na baada ya saa ngapi za kuegesha. Bila takwimu hizo, sera ya kufunika au kutofunika mirija itakuwa ya kubahatisha, na kama ilivyoonekana, kila uamuzi una hatari yake.

La tatu ni uchunguzi unaochapishwa. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kilichopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1951, huipa nchi ilikotokea ajali jukumu la kuichunguza, na kinataka ripoti ya mwisho itolewe kwa umma. Shabaha yake ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafuta wa kuadhibiwa. Karibu kila jambo lililoelezwa katika makala haya linajulikana kwa sababu nchi fulani iliandika ilichokiona, hata pale wengine walipoipinga. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Sudan Kusini inahitaji wachunguzi wa kudumu, walio huru dhidi ya mashirika na dhidi ya wizara inayotoa leseni. Pale bajeti ya nchi moja isipotosha, kikosi cha pamoja cha Jumuiya ni suluhisho la busara.

Kuhusu marubani, jambo ni moja: zoezi la kipimakasi kisichoaminika lifanywe katika mashine za kuigiza urukaji likianzia kwenye mbio za kuruka na katika mita mia chache za kwanza, kwa sababu huko ndiko muda ni mfupi zaidi. Mazoezi yanayoanzia angani juu, ndege ikiwa imetulia, hayamtayarishi mtu kwa hali iliyowakuta marubani wa safari ya 302.

8. Hitimisho

Tangu mwaka 1974 imefahamika kwamba kipimakasi kinaweza kuonyesha mwendo mkubwa ndege inapokaribia kuanguka, na kwamba mwinuko na nguvu za injini ndiyo tegemeo la rubani kifaa kinapodanganya. Maarifa hayo hayakuwazuia watu 189 kufa Puerto Plata wala 70 kufa Lima. Yalikuwa yanakaa kwa wachache: katika ripoti, katika vitabu vya mtengenezaji, katika vichwa vya wakufunzi. Yalipowafikia marubani wa Brisbane kama zoea la mikono, abiria wao walirudi nyumbani. Kwa Juba, ambako ndege hushika nafasi ya barabara, kazi iliyobaki ni ya kuyasambaza: kwa mwanafunzi wa urubani, kwa mwongozaji wa ndege na, kabla ya wote, kwa mhudumu anayesimama chini ya pua ya ndege akiwa na kifuniko mkononi, katika lugha anayoielewa bila kukalimaniwa.